Kihisi Kilichoinama: Kulitafuta Kosa Kabla ya Kushika Bisibisi



Nyota iko mbali mno hata picha yake katika darubini yapasa kuwa nukta tu. Ndiyo maana hakuna kinachofichua hitilafu za chombo kama picha ya nyota. Nukta zikiwa duara safi upande mmoja wa picha, na upande wa pili zimevimba na kurefuka, huenda kihisi cha kamera kimeinama. Nasema huenda, kwa kuwa mhadhara huu unahusu njia ya kutoka kwenye huenda hadi kwenye uhakika.

Kosa lenyewe ni dogo ajabu. Darubini ya uwiano wa fokasi f/5, yaani urefu wa fokasi ni mara tano ya kipenyo chake, huacha nafasi ya takriban mikromita 55 ambamo nukta hubaki kali. Ya f/2 huacha mikromita 9 hivi, maana nafasi hiyo hubadilika kwa kipeo cha pili cha uwiano. Karatasi ya kawaida ina unene wa mikromita 100 hivi. Kihisi chenye upana wa milimita 36 kikiinuka upande mmoja kwa unene huo, kwenye f/5 katikati patakuwa sawa na kingo zote mbili zitatoka nje ya fokasi. Ukirekebisha fokasi, ukingo mmoja utapona na wa pili utazidi kuharibika. Vumbi lililobanwa kati ya adapta mbili zinazounganisha kamera na darubini latosha kuleta yote hayo.

Tuihoji picha kwa utaratibu. Je, pembe zote nne zimeharibika sawasawa? Basi usiguse skrubu za kusawazisha kihisi. Pima kwanza umbali kati ya kihisi na lenzi ya kusahihisha uga, ile inayofanya nyota za pembeni ziwe kali kama za katikati. Lenzi nyingi za aina hiyo zimeundwa kwa umbali wa milimita 55.

Je, ubovu uko upande mmoja? Legeza kamera, izungushe nyuzi 180, fokasi upya, kisha piga picha nyingine. Pembe mbovu ikibaki palepale kwenye picha, kosa limo katika kamera. Ikihamia pembe ya mkabala, kosa liko upande wa darubini. Kisha elekeza darubini juu utosini, halafu karibu na upeo wa macho. Ubovu ukibadilika, uzito wa kamera unavuta kiungo kilicholegea, na hakuna skrubu ya kihisi itakayoponya hilo. Kosa likithibitika kuwa la kihisi, ndipo tugeuze skrubu moja, kidogo, na kupiga picha kabla ya kugusa ya pili.

Kanuni hiyohiyo ya kubadilisha jambo moja na kulinganisha picha inatumika kwenye kilele cha Cerro Pachón nchini Chile, katika Kituo cha Vera C. Rubin, kilichotoa picha zake za kwanza Juni 2025. Kioo chake kikuu kina kipenyo cha mita 8.4, kamera yake ina vihisi 189 vya kupigia picha, na uwiano wa fokasi ni takriban f/1.2. Katika pembe nne za kamera wahandisi waliweka vihisi vya pekee, kila kimoja kikiwa na nusu mbili: moja mbele kidogo ya fokasi, nyingine nyuma yake. Kompyuta hulinganisha nyota zilizovimba katika nusu hizo na kukadiria kilichohama, kisha kamera na kioo cha pili husogezwa kwa miguu sita inayorefuka na kufupika. Chombo kikubwa namna hiyo nacho hujirekebisha kwa kulinganisha picha mbili zinazotofautiana kwa jambo moja linalojulikana.

Kwa hiyo nina ombi kwa idara zetu za fizikia. Katika maabara tumezoea kumpa mwanafunzi chombo kizima na kumtaka atoe jibu sahihi. Tumpe pia chombo chenye hitilafu, tumpe muda, na alama zitolewe kwa hoja zilizomfikisha kwenye chanzo. Aliyewahi kuthibitisha kosa lilipo ataviamini vipimo vyake kwa haki, na atajua ni wakati gani asiviamini.