Mto Uliopungua Maji

Wasikilizaji wetu, leo twataka kuwaelezeni habari ya kusafiri kwa mtumbwi wakati wa kiangazi. Wengi hudhani ya kwamba mto uliojaa ndio wa kuogopwa, na uliopungua ni salama. Sisi nasi tulidhani hivyo.

Mto wenyewe ni Ruvu, utokao milima ya Uluguru na kuingia baharini karibu na Bagamoyo. Mwaka 1876 wamisionari wa Kiingereza, Alexander Mackay akiwa mmoja wao, waliujaribu mto huu na Wami kwa mashua, wakitafuta njia ya bara. Mizunguko ya mito ikawashinda, wakaenda kwa miguu.

Mwaka mmoja, mwezi wa Septemba, tuliondoka Ubena, walimu wawili na wanafunzi wanne, tukashuka Ruvu, nia yetu tufike penye daraja la reli. Mzee mmoja wa mtoni akatuongoza kwa upondo wake.

Siku ya kwanza tuliteremka mara nyingi kuusukuma mtumbwi juu ya mafungu ya mchanga, naye Mzee akitangulia kuyapiga maji kwa ajili ya mamba. Siku ya pili tuliona mbele maji mapana yaliyotulia. Tukafurahi, tukashika makafi. Mzee akauzuia mtumbwi.

"Walimu, hapa hatupiti. Maji yakipungua, viboko hukusanyika penye kina."

Tulitazama, tusione kitu. Tukamwambia, "Babu, jua linakwenda, tukipita upesi hapana neno." Hakubishana. Alishuka, akaanza kupakua mizigo.

Tukamfuata kwa kununa, tukiuburura mtumbwi ukingoni. Hatujafika nusu ya njia, vichwa saba vikainuka majini, pale pale tulipotaka kupita. Tukawatazama watoto wale, tuliokabidhiwa na wazazi wao, tukaona haya.

Basi, ndugu zetu, msafiripo mtoni wakati wa kiangazi, mchukueni mtu aujuaye mto, nanyi mmtii. Mwonapo maji yakivimba mahali pamoja, na upepo hakuna, jueni pana kisiki au jiwe chini. Penye kina kilichotulia, shukeni mkapite nchi kavu. Wala msilale penye njia za viboko, maana usiku hutoka kula majani.

Mzee yule hakujua kusoma. Jioni ile tulimwomba radhi mbele ya wanafunzi, naye akatuonyesha mahali pa kulala.

Kwaherini.