Maji ni Haki, Si Hongo

Hotuba kwa wananchi wa Malaba



Nasimama kuzungumza juu ya maji, na kwa hiyo nazungumza juu ya utawala. Mto Malaba unashuka kutoka Mlima Elgon. Mvua ndefu hutunyeshea hapa Teso kati ya Machi na Mei. Hata hivyo, mama aliyepanga chumba mjini hununua maji kwa mtungi kutoka kwa mwenye mkokoteni. Mbingu haikutunyima. Tulichokosa ni uwajibikaji.

Ndugu wananchi, mwaka 1974 serikali ilianzisha mpango mkuu wa maji, ikaahidi kwamba ifikapo mwaka 2000 kila nyumba ingekuwa karibu na maji safi. Mwaka 2000 ulifika, maji hayakufika. Kwa sehemu kubwa ya muda huo tulitawaliwa na chama kimoja, na aliyeuliza fedha zimekwenda wapi aliitwa mchochezi. Msemo wa enzi ya Rais Moi, "siasa mbaya, maisha mbaya", ulitufunza kuyaona maji kuwa zawadi ya mtiifu na adhabu ya mkaidi.

Kifungu cha 2A kilifutwa Desemba 1991. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya maji safi na salama ya kutosha, na ugatuzi umezikabidhi kaunti huduma hiyo. Lakini hongo haikuzikwa pamoja na chama kimoja. Kisima kingali kinazinduliwa kwa shangwe majira ya kura yakikaribia. Pampu ikivunjika baadaye, hakuna fundi, hakuna vipuri, wala hakuna wa kuulizwa.

Nchi yenye maji chini ya mita za ujazo 1,000 kwa kila mtu kwa mwaka huhesabiwa kuwa na uhaba, na Kenya imo katika hesabu hiyo. Kitu kilicho haba hakigawanywi gizani. Kwa hiyo tudai mambo manne.

Kwanza, hesabu. Gharama ya kila mradi na jina la mkandarasi vibandikwe sokoni na kwa chifu. Kifungu cha 35 cha Katiba kinatupa haki ya kupata habari hizo.

Pili, kamati zichaguliwe na watumiaji wenyewe, wanawake wakiwa na sauti ya kuamua. Haki ya maji haimaanishi kwamba bomba halina gharama. Tulipe ada ya haki, lakini tuone sehemu yake ikitengwa kwa matengenezo.

Tatu, tulinde chanzo. Anayelima hadi ukingoni huusukuma udongo mtoni, naye wa chini hunywa tope. Paa za shule na makanisa zifungwe mifereji na matangi. Palipo na foleni ya malori pawe na vyoo, ili uchafu usiingie visimani.

Nne, tushirikiane na jirani. Mto hauombi pasipoti. Mwaka 2015 Kenya na Uganda zilitia saini maelewano juu ya bonde la Sio, Malaba na Malakisi. Mpango wa bwawa la Angololo unawagusa watu wa kingo zote mbili. Basi wasomewe kwa lugha wanayoielewa nani atapata maji, nani atahama, na fidia ni kiasi gani, kabla jembe la kwanza halijapigwa.

Wananchi wenzangu, vyama vingi havina maana ikiwa tumebadilisha tu mkono unaotugawia kidogo. Akija mgombea na ahadi ya kisima, msimshangilie wala msimzomee. Mwulizeni nani atakitunza, kwa fedha gani, na daftari litakaa wapi.

Kura ni siri. Hesabu ya maji isiwe siri.