Ni Nani Aliyesukuma Gari?

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama, Bungoma)



Watu husifu sana siku za zamani za reli: behewa la daraja la kwanza, vitanda vyenye shuka nyeupe, chakula mezani huku gari likipanda Timboroa, zaidi ya futi 9,000 juu ya bahari. Ni kweli, uzuri ulikuwapo. Mimi nauliza neno moja tu: ni nani aliyesukuma gari?

Huko Mombasa, kabla motokaa hazijaenea, palikuwa na vigari vya abiria juu ya reli nyembamba, kutoka Kilindini hadi mjini. Havikuwa na injini. Injini ilikuwa miguu ya Waafrika. Bwana aliketi kivulini, wao wakasukuma juani. Picha zao tunaziona hata leo. Majina yao hatuyaoni.

Reli kubwa nayo ni vivyo hivyo. Ilianza Mombasa mwaka 1896, ikafika Kisumu 1901, na vibarua karibu 2,500 kutoka Bara Hindi walikufa. Tawi la Kitale lilifika 1926, na njia kuu ipitayo hapa Bungoma ikafika Kampala 1931.

Babu yangu alikuwa mchochea moto. Aliposafiri na watoto wake alikaa daraja la tatu, juu ya ubao. Hata hivyo hakuona haya. Alisema, "Gari lilifika kwa saa yake kwa kuwa kila mtu aliijua kazi yake."

Wala haki haikuja yenyewe. Januari 1947 wafanyakazi wa Mombasa, wa reli na wa bandari pamoja, waligoma wakidai mshahara wa kutosha.

Leo injini ya mvuke nambari 5918, "Mount Gelai", imetunzwa katika makumbusho ya reli Nairobi. Vema. Chuma kimetunzwa. Lakini mzee aliyekijua chuma hicho ameketi kijijini Webuye au Moi's Bridge, wala hakuna amwulizaye.

Basi naomba hivi: kila mwanachama amtafute mzee mmoja wa reli kabla ya mkutano ujao. Aandike jina lake, kazi yake, stesheni zake na miaka yake, alete kwa katibu, yatiwe daftarini. Ndugu zangu, asiyejua aliyemtangulia atadai haki yake kama mgeni.