Gego la juu na maji ya puani

Ganzi ikishashika, wengi hudhani kazi ya kung'oa gego imekwisha. Kwa taya la juu, ganzi ndiyo sehemu rahisi: mfupa wake ni mwembamba, wenye vitundu, hivyo dawa ya ganzi, lidokaini, ikichomwa kwenye ufizi hupenya hadi kwenye neva. Shughuli iko juu ya mizizi ya magego, kwenye sinasi, uwazi uliojaa hewa. Gego likitoka na kipande cha sakafu ya sinasi, mgonjwa hunywa maji yakamtokea puani. Tundu dogo huziba lenyewe. Kubwa hufunikwa kwa ufizi na kushonwa. Baada ya hapo, kupenga kamasi kwa nguvu au kunywa soda kwa mrija ni kufumua mshono. Maji yakitoka puani, rudi kwa daktari wa meno siku hiyohiyo; usikae nyumbani ukisukutua maji ya chumvi.