Mwili Darasani, Akili Dirishani

(Mazungumzo ya mwelimishaji wetu wa afya na wanafunzi wa sekondari)

 

Naanza na swali. Nani hapa amewahi kusoma ukurasa mzima, akafika chini, akakuta hajui alichosoma? Naona mikono yote juu, hata mwalimu wa zamu! Basi tuko pamoja.

Hilo humpata kila mtu. Lakini kuna mwenzetu ambaye linampata kila siku, tangu shule ya msingi, darasani na nyumbani. Mimi ni mmoja wao.

Nikiwa kidato cha pili tulifanya mtihani wa hesabu. Nilimaliza mapema, nikakaa zangu natazama ndege dirishani. Karatasi ziliporudishwa nikakuta maswali manne nyuma ambayo sikuyaona kabisa. Sikugeuza karatasi! Mwalimu akasema nina dharau, nikachapwa. Mama akasema, "Mwanangu, akili unayo, sijui huwa unamwazima nani." Bwenini wakaniita Sahau, maana ndoo, sweta, funguo, vyote nilipoteza. Mwisho nikaamini kweli mimi mjinga, nikaacha kabisa kunyoosha mkono. Hayo ndiyo yaliyoniumiza kuliko fimbo.

Nilikuwa chuo kikuu daktari aliponiambia kuwa hali hii ina jina: tatizo la upungufu wa umakini, kwa kifupi ADHD. Siyo uchawi, siyo laana, wala siyo uvivu. Ubongo unapata shida kuchagua kipi ukishike na kipi ukiache, na mara nyingi hali hii hurithiwa katika ukoo. Wengine hawatulii kitini na hukatiza watu maneno. Wengine wamekaa kimya kabisa, kumbe akili imeshasafiri. Wasichana wengi wako kundi hili la pili, ndiyo maana hakuna anayewashtukia.

Msidhani ni jambo la juzi. Mwaka 1902 huko London, daktari George Still aliwaeleza madaktari wenzake kuhusu watoto wanaofanana na hawa. Na Simone Biles, mwanasarakasi wa Marekani aliyepata dhahabu 4 kwenye Olimpiki ya Rio mwaka 2016, alisema hadharani mwaka huohuo kwamba ana ADHD.

Lakini jamani, usijipachike jina mwenyewe. Njaa, malaria, kukosa usingizi, kutosikia vizuri, msiba au ugomvi nyumbani pia huvuruga umakini. Daktari huangalia kama dalili zilianza kabla ya miaka 12, kama zimedumu miezi 6 au zaidi, na kama zinaonekana sehemu zaidi ya moja. Ulizia huduma za afya ya akili katika hospitali ya mkoa au ya rufaa. Dawa zipo na huwasaidia wengi, ila anayeziandika ni daktari. Usimeze kidonge cha rafiki!

Sasa leo jioni prepo utafanyaje?

1. Kaa mbele, mbali na mlango na dirisha.

2. Usibebe kazi kichwani. Kuwa na kidaftari kimoja cha mfukoni. Mwalimu akitoa kazi, andika hapohapo.

3. Kata kazi vipande. Soma dakika 20, simama dakika 5, nyoosha miguu, rudi. Kama 20 ni nyingi, anza na 10.

4. Soma na mwenzako. Mweleze ulichosoma; ukishindwa kueleza, rudia.

5. Lala. Ukikesha na msuli, kesho umakini unapungua zaidi.

6. Kwenye mtihani, kabla ya kuandika lolote, geuza karatasi na uhesabu maswali.

Hili la sita sikufundishwa na daktari. Nilifundishwa kidato cha tatu na rafiki yangu wa deski moja, ambaye badala ya kunicheka alikuwa ananikumbusha kabla hatujaingia: "Sahau, geuza!" Nikageuza mpaka nikamaliza kidato cha nne. Kwa hiyo wewe usiye na tatizo hili, una kazi pia.

Na wewe mwenye nalo, sema. Mfuate mwalimu unayemwamini, umwambie: "Mwalimu, sidharau. Akili yangu inahama. Naomba nikae mbele, na kazi niandikiwe ubaoni." Halafu timiza sehemu yako, maana kuwa na tatizo siyo ruhusa ya kutofanya kazi.

Walimu wangu, kwa heshima naomba nanyi mnisikilize: fimbo haiongezi umakini, inaongeza woga. Mtoto anayesahau kila siku, kabla ya kumwadhibu, muulizeni.

Haya, nani ana swali? Na wewe uliyekaa pale dirishani, nimekuona. Hata mimi nilikuwa nakaa hapohapo. Sogea mbele, nafasi ipo.