Furaha Isiyoficha Machozi



Leo tunakumbuka 30 Juni 1960, huku ndugu zetu wa mashariki ya Kongo bado wanakimbia. Watoto wetu hapa Clintonville wanatuuliza: mnachezaje kanisani, na jana usiku mlikuwa mnalia kwenye simu? Swali zuri hilo. Kule Nyarugusu, Kigoma, tuliimba kwaya tukitoka kuzika, wala shida hazikuwa zimeisha. Paulo naye aliwaandikia Wafilipi wafurahi, yeye mwenyewe akiwa kifungoni. Tabasamu la kuvaa Jumapili, watoto wanalitambua upesi. Wazazi tunajidanganya tu. Basi habari mbaya ikija, tuwaite sebuleni, tulie pamoja nao, ndipo tuimbe.

Ngoma iko tayari. Wanakwaya, karibuni mbele.