Chura au Ufa: Je, Mgombea Ajibu Uchokozi wa Mtandaoni?

Hotuba iliyotolewa kwenye mkutano wa wanafunzi wa zamani



Nimepewa heshima ya kusema machache juu ya jambo ambalo siku zetu shuleni halikuwapo. Mgombea akichokozwa na mpinzani wake katika mitandao ya kijamii, je, ajibu au anyamaze? Swali hili si la mchezo. Miongoni mwetu wamo wanaokusudia kugombea udiwani na ubunge, na wengine tutaombwa ushauri.

Katika mdahalo, upande mmoja ungesimama na methali isemayo kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji. Upande wa pili ungejibu: usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali zote mbili ni za kweli. Kazi ya mgombea ni kutambua kama lililo mbele yake ni chura au ni ufa.

Kwa kuwa mimi ni mtumishi wa serikali, haifai nivipime hapa vyama vya nyumbani. Mifano yangu nitaitoa Marekani.

Tuanze na ufa. Mwezi Agosti 2004, kikundi cha wapiganaji wa zamani wa vita vya Vietnam kilitangaza katika televisheni kwamba John Kerry, aliyegombea urais, alidanganya juu ya nishani zake za vita. Kumbukumbu za Jeshi la Majini zilikuwa upande wake. Hata hivyo, majuma mawili yalipita kabla Kerry mwenyewe hajasimama kujibu kwa nguvu, tarehe 19 Agosti. Wakati huo maneno yalikwisha kuenea nchi nzima. Novemba alishindwa. Sisemi kwamba hilo peke yake lilimwangusha; nasema kwamba ushahidi aliokuwa nao ulichelewa kufika kwa mpiga kura.

Sasa tumtazame chura. Kwa miaka kadhaa Donald Trump alimkejeli Seneta Elizabeth Warren, majukwaani na katika Twitter, akimwita "Pocahontas", kwa sababu mama huyo alisema ana asili ya wenyeji wa kale wa Marekani. Oktoba 2018 Warren alijibu kwa kutoa matokeo ya kipimo cha DNA, yaliyoonyesha kuwa huenda alikuwa na mhenga mmoja wa asili hiyo, vizazi 6 hadi 10 nyuma. Kejeli hazikukoma. Zaidi ya hayo, siku ile ile taifa la Cherokee lilimkosoa, likisema kipimo cha namna hiyo hakimfanyi mtu kuwa raia wao. Februari 2019 ikajulikana kuwa amewaomba radhi.

Ndugu zangu, tofauti iko wapi? Kerry alituhumiwa jambo ambalo mpiga kura alihitaji kulijua kabla ya kuamua. Warren alitupiwa jina la dhihaka, na dhihaka haina ushahidi wa kuikomesha. Tena mtandao una tabia yake: ukimjibu mchokozi, unawapelekea wafuasi wako tusi ambalo wengi wao hawakuwa wamelisikia, na mabishano yanapozidi ndipo linapozidi kusambazwa.

Wapo watakaosema kuwa anayenyamaza ataonekana mwoga. La hasha! Kunyamazia tusi si kukaa kimya. Mgombea aendelee kusema juu ya maji, barabara na zahanati, na watu watamsikia.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu. Ukituhumiwa wizi, cheti cha uongo au jambo lolote la kweli au si kweli, jibu upesi, jibu mara moja, na uweke hati mezani. Ikiwa tuhuma ni ya kweli, kiri. Ukitukanwa sura, kabila au mama yako, usirudishe tusi. Likivunja sheria, lipeleke panapohusika. Na kabla ya kubonyeza simu, jiulize: je, mpiga kura analihitaji jibu hili, au ninalihitaji mimi kwa hasira yangu?